GASKETI YA KUJIKATIA: MAARIFA YA MAFUNDI WA MARA



Mashine nyingi zinazosimama katika visiwa vyetu hazisimami kwa kuvunjika chuma. Husimama kwa kukosa kipande chembamba cha karatasi au cha mpira kinachokaa baina ya chuma na chuma, nacho ndicho mafundi wakiitacho gasketi. Bei yake si kitu. Gharama yake imo katika kuifuata: nauli ya chombo mpaka Dar es Salaam, malazi, kuzunguka madukani Kariakoo na mfano mkononi, na kurudi. Na pengine mtu hurudi na gasketi isiyokuwa yake, akaanza safari upya.

Hasara ya kungoja twaijua sote. Karafuu ikishachumwa haina subira. Ikirundikwa mbichi ndani ya magunia kwa kungoja gari, hupata joto na kuchacha, na ikianikwa baadaye hutoka imepauka na kusinyaa, na daraja yake hushuka. Mchumaji amekwisha kulipwa, mikarafuu imekwisha kutoa, lakini mwenye shamba hukosa faida yake kwa sababu ya karatasi iliyopasuka katika pampu ya maji ya gari.

Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tuwaletee habari za mafundi wa Mkoa wa Mara, huko Tanzania Bara, ambao tuliwaona kazini tulipopita Musoma, Bunda na Butiama. Watu hao hujikatia gasketi wenyewe, nao wanajua pia ni gasketi gani isiyofaa kukatwa nyumbani. Jambo hilo la pili ndilo tuliloliona kuwa na thamani zaidi.

MARA NA KARAFUU WAPI NA WAPI?

Mwanachama aweza kuuliza hivyo, naye ana haki. Mara haina mkarafuu hata mmoja wa kusifiwa. Ni nchi ya samaki, pamba, mihogo, mtama na ng'ombe. Lakini katika habari ya mashine hali yao na yetu ni ndugu.

Musoma ndio mji mkuu wa mkoa, nao umejengwa ukingoni mwa Ziwa Viktoria, ziwa kubwa kuliko yote katika Afrika, lenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Hapo Mwigobero mashua za injini hupakia abiria na mizigo, na mwaloni huonekana mitumbwi ya wavuvi wa dagaa na sangara. Bunda uko kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, jirani na mbuga ya Serengeti; ni mji wa pamba, wa malori, wa pikipiki na wa pampu ndogo zinazovuta maji ya ziwa kumwagilia bustani. Butiama ni kijiji cha Wazanaki alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka wa 1922, na hapo Mwitongo ndipo alipozikwa mwaka wa 1999. Wageni huenda kuona kaburi na makumbusho, lakini wenyeji, kama wenyeji wa kijiji chochote, hushughulika na mashine ya kusaga, pikipiki na trekta.

Kwa hiyo mwenzetu wa Mara ana injini nyingi ndogo, na vipuri vyake aghalabu viko Mwanza au Dar es Salaam. Yeye hutengwa na duka kwa barabara ndefu, sisi hutengwa kwa bahari. Mashine ya kusaga ikisimama, akina mama hubeba mahindi na mihogo kichwani mpaka kijiji cha pili. Na injini ya mashua ikifa katikati ya ziwa wakati upepo wa mchana umeanza, hiyo si hasara ya fedha tena; hiyo ni roho za watu.

Tena ni jambo la kupendeza kwamba maarifa haya yako Musoma. Katika mji huo, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana na kutoa lile Azimio la Musoma juu ya elimu. Lilitaka kila mtoto apate shule ya msingi, nalo likataka elimu ishikamane na kazi, hata kijana wa sekondari afanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Mwaka mmoja kabla yake, 1973, Serikali ilikuwa imeunda shirika la viwanda vidogo, SIDO. Mengi yamebadilika tangu siku hizo, lakini fundi anayekaa chini ya mwembe na kukata gasketi kwa nyundo na gololi anafanya kazi na kusoma kwa wakati mmoja, wala hakungoja azimio.

GASKETI HUFANYA KAZI GANI

Uso wa chuma, hata ukiuona umenyooka kama kioo, una mabonde na vilima vidogo visivyoonekana. Ukikutanisha nyuso mbili na kuzikaza kwa bolti, hubaki mianya, na humo hupenya oili, maji, petroli au hewa. Gasketi ni kitu laini kinachobanwa katikati kujaza mianya hiyo. Ndiyo hiyo kazi yake ya kwanza.

Kazi ya pili wengi hawaijui: gasketi ni kipimo. Unene wake umeingizwa katika hesabu ya mashine. Katika injini nyingi za dizeli za silinda moja, zile zinazoendesha mashine za kusaga, chini ya pampu ya dizeli huwekwa gasketi nyembamba au vibati, kimoja, viwili au vitatu. Kwa idadi yake dizeli huingia mapema au kwa kuchelewa. Ukiongeza, hupigwa kwa kuchelewa. Ukipunguza, hupigwa mapema. Fundi anayetupa vibati vitatu na kurudisha kimoja kinene asichokipima amebadilisha saa ya injini, kisha atashangaa kwa nini inagonga au inatoa moshi mweusi.

Basi, kabla ya kukata, jiulize maswali matatu. Gasketi hii inazuia nini: oili, maji, petroli, au moto? Inapata joto gani? Na unene wake ni kiasi gani? Mafundi tuliowaona hawakugusa mkasi kabla ya kupata majibu hayo.

VITU VYA KUKATIA

Kwa vifuniko vya oili visivyo na nguvu nyingi, kama kifuniko cha pembeni cha injini ya pikipiki, hutumika karatasi maalumu ya gasketi, inayouzwa kwa shiti. Shiti moja hutoa gasketi nyingi. Ikikosekana kabisa, mafundi hutumia karatasi ngumu ya jalada la ofisi au ya boksi, wakaipaka oili au grisi kabla ya kuifunga. Itafanya kazi, lakini ni ya kukufikisha nyumbani, si ya kukaa miaka.

Kwa kifuniko cha vali na beseni la oili, ambapo bati ni jepesi na hujipinda, hufaa lile gome la mti linalofanywa vizibo vya chupa, hasa lililochanganywa na mpira. Gome hilo hubonyea na kufuata mapindo ya bati. Likikaa dukani muda mrefu hukauka na kupungua, matundu yasiwiane na bolti. Usilitupe. Liloweshe kidogo kwa maji, na mara nyingi litarudi kadiri yake.

Kwa maji baridi, kama mdomo wa pampu ya kumwagilia, mpira wa ndani wa tairi wafaa sana, nao haukosekani mahali popote. Lakini hapa pana onyo ambalo fundi mmoja wa Bunda alimwambia kijana wake mbele yetu: mpira wa tairi na petroli hawakai nyumba moja. Petroli na oili huuvimbisha mpira huo, ukawa laini kama ugali wa moto, na vipande vyake huziba njia za kabureta. Mahali pa petroli hutakiwa mpira wa aina nyingine uliotengenezwa kustahimili mafuta, au karatasi ya gasketi yenyewe.

Kwa penye moto na nguvu, chuma laini hutumika, na bora yake ni shaba nyekundu. Shaba huyeyuka penye nyuzi 1,085 za Selisiasi, na aluminiamu penye nyuzi 660 tu. Kwa hiyo kile kibati cha kopo la soda ambacho vijana hukikunja na kukiweka kwenye ekzosi hakina maisha marefu. Mdomo wa ekzosi wa injini inayofanya kazi nzito hukaribia joto hilo.

Shaba ina tabia yake. Ikibanwa na kupigwa huwa ngumu, na ikiwa ngumu haizibi tena. Dawa yake ni moto: iwashe mpaka ione wekundu hafifu, kisha uiache ipoe au uitumbukize majini, yote mamoja, nayo itakuwa laini kama mpya. Chuma cha pua ukikifanyia hivyo majini kitakuwa kigumu zaidi. Shaba ni kinyume chake. Kwa njia hiyo washa moja ya shaba ya bomba la dizeli yaweza kutumika tena na tena. Tuliona kwa fundi wa mashine ya kusaga, Butiama, washa zimetungwa kwenye waya kama tasbihi, zikingoja kutiwa motoni.

NAMNA YA KUKATA

Kwanza, safisha. Ondoa mabaki yote ya gasketi ya zamani kwa kipande cha mti mgumu au kisu butu, usije ukakwaruza chuma, hasa aluminiamu. Mkwaruzo mmoja ukipita toka ndani hadi nje ni mfereji, na hakuna karatasi itakayouziba. Ziba matundu kwa vitambaa safi ili uchafu usiingie ndani ya injini, na uvihesabu vitambaa hivyo, uvitoe vyote kabla ya kufunga.

Na hapa tusikilizane vizuri. Injini nyingi za zamani zilifungwa gasketi zenye asbesto. Shirika la Afya Duniani linasema asbesto ya kila aina huleta saratani. Vumbi lake halionekani kwa jicho, na ugonjwa wake huja baada ya miaka mingi. Gasketi ya injini ya zamani iloweshe kwa maji au oili kabla ya kuikwangua. Usiipige msasa ikiwa kavu, usiipulize kwa mdomo wala kwa pampu, usiichome. Mabaki yafunge katika mfuko yakiwa yameloa.

Pili, pata umbo. Kama gasketi ya zamani ni nzima, iweke juu ya karatasi na uifuatishe kwa penseli. Kama imechanika, paka grisi au oili chafu kidogo sana juu ya uso wa chuma, uweke karatasi juu yake na kuibonyeza kwa kiganja. Ukiiinua utaona chapa ya chuma chote, pamoja na matundu yake. Wako wanaoweka karatasi juu ya chuma na kuigonga pembezoni kwa nyundo ndogo mpaka ukingo wenyewe uikate. Njia hiyo ni ya haraka, na juu ya chuma kigumu haina neno. Juu ya aluminiamu yataka mkono mwepesi mno, kwa maana nyundo huivimbisha kingo, na hapo umeharibu kitu cha thamani ili kuokoa karatasi.

Tatu, toboa matundu ya bolti kabla ya kukata kitu kingine chochote. Karatasi nzima hutulia. Iliyokwisha kukatwa hucheza na kuchanika. Mafundi wa Mwigobero walitumia gololi ya beringi, kubwa kidogo kuliko tundu. Huiweka juu ya karatasi, mahali pa tundu la bolti, na kuipiga mara moja kwa nyundo. Kiduara huanguka, na tundu hubaki safi kama la mashine. Hilo nalo ni la chuma kigumu, kwa sababu ile ile. Wengine hunoa mdomo wa kipande cha bomba la chuma na kukifanya kitobozi, wakatoboa juu ya gogo la mti. Tundu liwe kubwa kidogo kuliko bolti, ili bolti isiikunje karatasi inapopita.

Nne, ingiza bolti mbili katika matundu mawili ya pembeni ili karatasi isihame, uhakikishe umbo tena. Kisha kata upande wa ndani, na mwisho kabisa upande wa nje.

Tano, tazama njia za oili na za maji. Hapa ndipo injini nyingi zimeuawa na watu wenye nia njema. Katika nyuso nyingi pana vitundu vidogo visivyo vya bolti; hivyo ni mishipa. Kimoja hupeleka oili juu kwenye vali, kingine hurudisha. Ukikiziba kwa gasketi yako nzuri, injini itawaka, itanguruma vizuri, na baada ya muda mfupi itakuwa imejila yenyewe. Hesabu matundu yaliyo katika chuma, hesabu yaliyo katika gasketi. Hesabu zisipolingana, usifunge.

Sita, funga. Mpako mwembamba wa grisi watosha. Ile silikoni ya kwenye mrija ina mahali pake, lakini watu huimwaga kama siagi juu ya mkate. Inayozidi hujitokeza ndani pia, si nje tu. Huko hukatika, ikaelea katika oili na kuziba chujio. Kaza bolti kwa msalaba, hii kisha ile inayoikabili, kwa duru mbili au tatu, wala si moja mpaka mwisho. Bolti za hedi huanzwa katikati kwenda nje. Kuongeza nguvu si dawa ya kuvuja. Kifuniko kilichokazwa mno hujipinda baina ya bolti na bolti, kikavuja zaidi.

KUPIMA UNENE BILA KIPIMO

Fundi wa kijijini hana kipimo cha kupima sehemu za milimita, lakini ana rula. Panga karatasi 10 za aina moja, zibane kwa vidole, pima urefu wa rundo. Likiwa milimita 3, kila moja ni 0.3. Sisi wa ofisini tuna mfano mwepesi: rimu ya karatasi za kawaida za kupigia chapa, yenye karatasi 500, ina unene wa kama sentimita 5. Basi kila karatasi ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa karatasi hizo waweza kulinganisha gasketi yako ya zamani: ikiwa nene kama karatasi tano pamoja, ni nusu milimita. Kumbuka kwamba iliyokwisha kubanwa ni nyembamba kidogo kuliko ilivyokuwa mpya.

GASKETI ZISIZOFAA KUKATWA NYUMBANI

Ya kwanza ni ya hedi ya gari la kisasa. Hiyo hufanywa kwa matabaka ya bati la chuma yenye pete za kuzuia moto, na huduma yake yataka nyuso zilizopimwa na spana ya kupimia mkazo. Kwa injini za zamani za silinda moja wako mafundi wanaokata bamba la shaba, nazo huenda. Lakini unene ukipungua, pistoni yaweza kugonga vali au hedi. Ukizidi, mkandamizo hupungua na injini haiwaki asubuhi. Ikiwa ya dukani yapatikana, inunue.

Dalili za gasketi ya hedi iliyokufa ni vyema kila mwanachama azijue. Oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Moshi mweupe hutoka bila kukoma hata injini ikiwa moto. Maji hupungua na hujui yanakokwenda. Kwa zile dizeli zenye tangi la maji wazi juu, maji kuchemka wakati wa kazi ni tabia yake, usitishike. Na Musoma huchemka kwa kama nyuzi 96 badala ya 100, kwa kuwa ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Lakini ukiona mapovu yanapanda mara tu ulipoiwasha, na maji bado baridi, huo si mchemko. Ni moto wa silinda unaotoka kwa mlango usio wake.

Ya pili ni gasketi za katikati ya injini za mashua, zile zinazochanganya oili na petroli. Katika injini hizo hewa ikivutwa kwa ufa mdogo kwenye kiwiliwili cha injini, mchanganyiko huwa na petroli chache, joto hupanda, oili hukosekana, na pistoni hukwama au huyeyuka. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi kabla ya kufa injini huenda kwa kasi nzuri, hata nahodha akafurahi. Fundi mmoja wa mwaloni alitwambia kwamba mtumbwi wa kuvulia jirani atamkatia mtu gasketi ya namna hiyo akibanwa na shida, lakini mashua ya kupakia abiria hatamkatia kwa fedha yoyote. Na angojee Mwanza. Maneno hayo tuliona yafaa kubandikwa kila bandari.

Ya tatu ni chochote cha petroli kilicho karibu na ekzosi. Oili ikivuja huchafua. Petroli ikivuja huchoma. Kama huna karatasi ya kufaa kwa petroli, mashine na ilale.

TUSIIGE KILA KITU

Ziwa lile ni maji baridi, na bahari yetu ni maji ya chumvi. Shaba inayokaa salama katika injini ya mvuvi wa Musoma, ukiiweka baina ya nyuso za aluminiamu katika injini ya mashua ya Pemba, hula aluminiamu ile. Metali mbili zisizo za aina moja, zikikutana ndani ya maji ya chumvi, hufanya umeme mdogo, na iliyo dhaifu huliwa. Basi kwa njia za maji ya bahari tumieni gasketi zisizo za metali, na bolti zipakwe grisi.

Tena sisi tuna adui ambaye Mara hawana, naye ni mafuta yetu wenyewe. Mafuta ya makonyo, kama yale yanayotolewa katika kiwanda cha Wawi huko Pemba, yana kwa wingi kiini kiitwacho yujenoli, nacho hulainisha mipira na plastiki za aina nyingi. Mwenye kujaribu kukamua mafuta kwa mtambo mdogo asifunge viungo vyake kwa mpira wa tairi. Utavimba, utatoa harufu, na mafuta yatachafuka. Kwa kazi hiyo hutafutwa zile gasketi nyeupe za plastiki isiyoshika kitu, za jamii ya kile kinachopakwa katika vikaango visivyogandisha chakula.

JAMBO TUNALOLIPENDEKEZA

Katika kibanda kimoja cha Bunda tuliona ukutani msumari mrefu, na juu yake zimetungwa karatasi za maumbo mbalimbali, chafu kwa oili. Kila moja imeandikwa kwa kalamu: injini gani, mahali gani, unene gani. Mwenye kibanda kila akifungua injini ngeni huchukua chapa ya gasketi yake kabla ya kuirudisha, hata kama haikuharibika. Siku ikija nyingine ya aina ile, mwenyewe akiwa hana mfano, fundi hunyosha mkono tu. Tulihesabu zaidi ya thelathini. Hiyo ndiyo hazina yake, na haikumgharimu ila karatasi na subira.

Chama chetu chaweza kufanya hivyo hivyo. Tunaomba kila mwanachama au fundi wake atakayefungua pampu, pikipiki, gari au injini ya mashua, achukue chapa kwa penseli, aandike aina ya injini, sehemu, unene na kile inachozuia, na kutuletea ofisini. Sisi tutaifungulia jalada lake, na mwanachama yeyote ataruhusiwa kuja kunakili. Katika mkutano ujao tutaleta pia ombi la kununua kwa fedha za chama shiti chache za karatasi ya gasketi na seti moja ya vitobozi, viwe vya kuazimwa kwa saini kama tunavyoazimana mizani. Vijana wanaotaka kujifunza ufundi kwa utaratibu wasisahau kwamba Pemba kuna kituo cha mafunzo ya amali hapo Vitongoji.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika injini ufa wenyewe ni mdogo mno, na kitu cha kuuziba mkasi hukikata kwa nusu saa. Msimu u mbele yetu. Kabla haujafika, kila mmoja na afungue boneti, atazame palipo na unyevu wa oili, na apapige chapa.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama